Nyuzi Tatu za Joto Zinazokula Transfoma za Nyalenda

Kila transfoma iliyopachikwa kwenye nguzo Nyalenda, mtaa wetu wa Kisumu, iwe kando ya Ring Road inayotutenganisha na Milimani au kule chini Pandpieri, ina kibati cha maelezo ubavuni. Wengi wanaokisoma huishia kwenye mstari wa kwanza: kVA 100, kVA 200, kVA 315. Namba hiyo hugawanywa kwa idadi ya nyumba, hesabu inafungwa, na waya zinavutwa. Mistari ya chini haisomwi na mtu. Humo ndimo palipoandikwa herufi ONAN, na pembeni yake namba mbili za joto, mara nyingi 60/65. Nikiambiwa nichague mstari mmoja tu wa kusoma kwenye kibati kile, nitaiacha kVA na kusoma joto.

Maana kVA haisimami peke yake. Ni mzigo ambao transfoma inaweza kuubeba mfululizo bila joto lake kuvuka kiwango kilichowekwa, mahali penye hali ya hewa iliyotajwa. Ukiihamisha mashine hadi mahali penye joto zaidi, uwezo wake umepungua hata kama kibati hakijabadilika herufi. Na Kisumu ni mahali penye joto zaidi ya lile ambalo waandishi wa viwango walikuwa nalo akilini.

ONAN ina maana kwamba mafuta ndani ya tangi yanazunguka yenyewe na hewa ya nje inapita yenyewe. Hakuna pampu wala feni. Mafuta yakipata moto kwenye koili yanapanda juu, yanaingia kwenye mapezi ya pembeni, yanapoa, yanashuka, yanaanza tena. Namba 60 ni kiasi ambacho mafuta ya juu kabisa yanaruhusiwa kuzidi joto la hewa ya nje. Namba 65 ni kiasi ambacho wastani wa koili unaruhusiwa kuizidi hewa hiyo. Ipo namba ya tatu, ambayo kwa kawaida haiandikwi kwenye kibati: 78, kwa ajili ya kitovu cha joto, yaani ile sehemu ya koili inayochemka kuliko zote, karibu na kilele chake. Viwango hivi vimo katika kiwango cha kimataifa IEC 60076, sehemu ya 2, waraka ambao viwanda vingi vinavyoiuzia Afrika Mashariki transfoma huufuata.

Sasa soma masharti ya waraka huo. Hewa isizidi nyuzi 40 wakati wowote. Wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote usizidi nyuzi 30. Wastani wa mwaka mzima usizidi nyuzi 20. Kimo cha mahali kisizidi mita 1,000 juu ya bahari. Jumlisha 20 na 78 upate 98. Nyuzi 98 kwenye kitovu cha joto ndiyo hali ambayo kwayo karatasi ya kawaida ya kuhami inahesabiwa kuchakaa kwa kasi ya kawaida: siku moja ya kazi, siku moja ya umri.

Kisumu haifiki nyuzi 40, na wastani wa mwezi wetu wenye joto kali hauvuki 30. Kwa masharti hayo mawili tumefaulu, na ndiyo sababu wengi huridhika. Sharti la mwaka ndilo linalotuangusha. Wastani wetu wa mwaka ni karibu nyuzi 23, maana huku hatuna baridi ya kurudisha mizani. Mchana wa Januari na Februari hewa hucheza kwenye nyuzi 30, na hata Julai mchana huwa karibu nyuzi 28. Kanuni inasema wastani ukizidi kiwango, mnunuzi apunguze namba za kibati kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo transfoma ya Kisumu ilipaswa kuagizwa ikiwa 57/62. Ya Mombasa, yenye wastani wa karibu 26, iwe 54/59. Ya Lodwar, penye karibu 29, iwe 51/56. Nairobi imepona kwa upande wa joto lakini inakamatwa na kimo: kwa kila mita 400 juu ya ile 1,000 ya kwanza, transfoma ya ONAN inapunguziwa nyuzi moja, kwa kuwa hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Mji ulio karibu mita 1,800 unapoteza nyuzi mbili. Sisi wa ziwani, tulio mita 1,130 hivi, hatupotezi kitu cha maana kwa kimo. Deni letu lote ni la joto: nyuzi tatu.

Mtu atauliza, nyuzi tatu ni nini? Jibu liko ndani ya karatasi.

Shaba ya koili inaweza kuishi miaka mia. Chuma cha kiini hali kadhalika. Mafuta yanaweza kuchujwa au kubadilishwa. Kinachozeeka bila dawa ni karatasi iliyozungushiwa waya wa koili, karatasi ya selulosi iliyotengenezwa kwa rojo la mti. Ikiwa mpya ina rangi ya kaki, ni ngumu kuchanika, na molekuli zake ni minyororo yenye pingu 1,000 hadi 1,200. Joto, maji na oksijeni vinakata minyororo hiyo. Ikifika pingu 200, karatasi imekwisha. Bado inahami umeme, jambo linalowapotosha wengi wanaopima kwa mega, kile kipima-uhami, peke yake, lakini haina nguvu tena. Ukiifungua transfoma iliyofika hapo, karatasi imekuwa kahawia iliyoiva, na ukiisugua kati ya kidole gumba na cha shahada inakuwa vumbi. Baya zaidi, selulosi inapokatika hutoa maji, na maji hayo yanaharakisha ukataji. Uzee unazaa uzee.

Mwaka 1930 V. M. Montsinger, mhandisi wa kampuni ya General Electric ya Marekani, alionyesha kwamba umri wa karatasi hupungua kwa nusu kila joto linapopanda nyuzi 8 hivi. Mwongozo wa IEC unaotumika leo kwa karatasi ya kawaida ni mkali zaidi: nyuzi 6. Weka nyuzi 3 za Kisumu kwenye kanuni hiyo, na kasi ya kuchakaa inakuwa mara 1.4. Transfoma ambayo ingeishi miaka 20 ikibeba mzigo wake kamili mahali pa nyuzi 20, hapa itaishi 14. Hakuna aliyeiba umeme, hakuna radi, hakuna uzembe. Ni hewa ya mji tu. Miaka sita imeliwa siku ile karatasi za ununuzi zilipopigwa muhuri.

Mwisho wake hauji kwa kishindo cha joto. Transfoma iliyokwisha ndani huendelea kufanya kazi wiki na miezi, mpaka jioni moja ya ngurumo, ambazo ukanda huu wa ziwa hauzikosi. Radi inapiga laini ya 11 kV, au tawi linaangukia waya na kuzigusanisha, na mkondo wa shoti unapita kwenye koili kwa sehemu ya sekunde. Mkondo huo unazisukuma koili kwa nguvu kubwa. Karatasi nzima ingestahimili. Karatasi iliyokaangwa inapasuka, mzunguko mmoja wa waya unagusa mwenzake, moshi unatoka. Asubuhi mtaa mzima unasema radi imelipua transfoma, na fomu ya ofisini inaandikwa vivyo hivyo. Naamini sehemu kubwa ya vifo vinavyowekwa kwenye hesabu ya radi ni vifo vya joto vilivyosubiri radi. Mpaka ofisi ianze kufungua transfoma zilizokufa na kupima karatasi zake, tutaendelea kununua vizuia radi kutibu ugonjwa usio wa radi.

Hapa ni lazima niwatendee haki mameneja wa mitandao, kwa maana si kila mzigo unaopita kibati ni dhambi. Joto la kitovu linategemea mambo mawili yenye mwendo tofauti kabisa. Koili inapata moto kwa dakika chache tu baada ya mzigo kupanda. Mafuta yanachelewa, kwa transfoma ya mtaani yanahitaji kama saa tatu kufika karibu theluthi mbili ya safari yao, na yakishapata moto yanafanana na chungu cha maharagwe kilichotolewa mafigani, hayapoi kwa sababu tu moto umeondoka. Ndiyo maana swali la kwanza la mhandisi lisiwe mzigo umefika asilimia ngapi. Aulize umekaa kwa saa ngapi, na mchana ulikuwaje.

Nimeyapiga mahesabu kwa njia ya mwongozo wa IEC, nikichukua hewa ya nyuzi 23 na transfoma ya kawaida ya mafuta. Ikibeba asilimia 80 ya kibati chake saa zote, kitovu cha joto kinakaa karibu nyuzi 80 na karatasi inachakaa kwa kasi ya moja ya nane tu. Hiyo ni transfoma itakayomzika aliyeifunga. Chukua nyingine iliyobeba asilimia 60 mchana, kisha asilimia 120 kwa saa nne za jioni, stima za taa na televisheni na pasi zote zikiwaka. Saa hizo nne zinakula umri wa saa kama kumi. Hakuna tatizo, mchana mwepesi umelipa. Sasa ifanye mchana ibebe asilimia 90, kwa sababu pameongezeka vinyozi, majokofu ya samaki, kinu cha kusaga na mafundi wa kuchomelea. Jioni ni ileile, asilimia 120 ileile. Saa nne hizo sasa zinakula karibu siku nzima, kwa kuwa mafuta yalianza jioni yakiwa tayari ya moto.

Kisha fika asilimia 150, hata baada ya mchana mwepesi. Saa nne za jioni moja zinakula siku kumi na mbili za umri. Na kabla saa ya nne haijaisha kitovu cha joto kimevuka nyuzi 140, ambapo unyevu uliomo kwenye karatasi unaweza kugeuka mapovu ya gesi. Povu halihami umeme kama mafuta. Hapo suala la umri limekwisha. Transfoma inaweza kufa usiku huohuo.

Usiku nao una neno lake. Julai 2006 wimbi la joto liliipiga California, na transfoma za mitaani zaidi ya 1,000 ziliharibika. Jua la mchana lilichangia, lakini kilichozimaliza ni usiku uliokataa kupoa: mafuta yalianza kila siku mpya yakiwa na joto la jana. Mwenyeji wa Kisumu anaujua usiku wa namna hiyo, wa Februari, ambapo upepo wa ziwa umekufa na mabati bado yana moto saa nne usiku. Transfoma iko chini ya anga hilohilo.

Nyalenda ina sababu za ziada, na zote zinaishia kwenye joto. Mwaka 2015 serikali ilizindua mpango wa Last Mile na kushusha ada ya kuunganishiwa stima kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Awamu ya kwanza, iliyofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ilijengwa juu ya wazo la kuzitumia kikamilifu transfoma 5,320 zilizokuwa tayari zimesimama nchini: kila nyumba iliyo ndani ya mita 600 ivutiwe waya. Mpango ule ulikuwa wa haki, na nauunga mkono hadi leo. Mtoto anayesoma kwa balbu badala ya koroboi hana deni kwa mtu. Lakini mita 600 ni kipimo cha waya, hakipimi joto. Kijijini Siaya, ndani ya mita hizo kuna boma chache. Nyalenda, mita hizohizo zinazunguka ploti baada ya ploti, kila ploti na vyumba vyake, kila chumba na familia yake.

Ongeza waya zinazounganishwa pasipo mita. Sina haja ya kuwahubiria wenye nyumba, wanajua wafanyalo. Nataka tu wajue matokeo yake kwenye tangi. Anayelipa kiasi kisichobadilika kwa mwezi hana sababu ya kuzima koili ya kupikia, na koili moja ya kilowati moja na nusu ni mzigo wa taa za ploti nzima. Mzigo huo hauonekani kwenye hesabu za mauzo, kwa hiyo mpangaji wa ofisini anaona transfoma yenye nafasi, anaongeza wateja halali, na wote kwa pamoja wanaikaanga.

Halafu kuna fezi. Transfoma ya fezi tatu ina koili kwenye miguu mitatu, na nyumba za mtaani zinatumia fezi moja moja. Fundi anayeunganisha usiku hashiki ile iliyo nyepesi. Anashika waya ulio karibu na mkono. Unaweza kukuta jumla ya mzigo ni asilimia 90, yenye kutuliza roho, kumbe mguu mmoja una 140 na mwingine 50. Karatasi ya ule mguu wa kwanza inakufa peke yake, na transfoma nzima inakufa nayo. Kusawazisha fezi ni kazi ya nusu siku ya mafundi wawili wenye ngazi na klampu ya kupimia mkondo. Sijui kazi nyingine yoyote katika sekta hii inayorudisha faida kubwa hivyo kwa jasho dogo hivyo.

Fyuzi ingeweza kuokoa, ila fyuzi inajua mkondo na haijui joto. Ile ya ukubwa sahihi itavumilia mzigo wa asilimia 130 usiku kucha bila kukatika. Na ile iliyokatika mara mbili, akaja mtu akaweka waya mnene wa shaba mahali pake, haitalinda kitu tena.

Wizi wa mafuta umesemwa sana, ila naona haujaelezwa vizuri. Watu hudhani transfoma hufa kwa sababu mafuta yamekwisha. Haihitaji kuisha. Mafuta yakishuka chini ya tundu la juu linaloyapeleka kwenye mapezi, mzunguko unakatika: ya moto hayana njia ya kuingia kwenye mapezi, ya baridi yanabaki chini yamelala. Tangi linaweza kuwa na zaidi ya nusu ya mafuta yake na bado lisiwe na upoaji wowote wa maana. Aliyechota jerikeni chache ameondoa mfumo mzima wa ONAN ulioandikwa kwenye kibati.

Je, kifanyike nini kwenye ununuzi? Kwanza, namba za joto ziandikwe kwa mji. Mzabuni akiambiwa 57/62, au afadhali 55/60, ataongeza shaba kidogo au mapezi machache, na bei itapanda kidogo. Marekani, ambako vibati vya 55/65 vimezoeleka, mashine ileile inayoruhusiwa kupanda nyuzi 65 hubeba takriban asilimia 12 zaidi ya inapozuiwa kwenye 55. Ndicho kiasi cha mwili wa ziada unaonunua ukichagua kiwango cha chini. Pili, iombwe karatasi iliyotiwa kemikali za kustahimili joto, ambayo kasi yake ya kawaida inahesabiwa kwenye nyuzi 110 badala ya 98. Mwongozo wa Marekani unaipa saa 180,000 kwenye joto hilo, yaani miaka 20 na nusu. Hizo nyuzi 12 zinafuta deni letu la nyuzi tatu na kubakiza akiba ya nyuzi tisa kwa jioni mbaya. Kosa ninaloliogopa ni la kununua karatasi hiyo kisha kuitumia kama kisingizio cha kubebesha zaidi.

Kwa mitaa ya mabati yaliyobanana kama yetu ningependa pia pafikiriwe mafuta ya mimea. Mafuta ya madini yanaweza kutoa mvuke wa kushika moto kwenye nyuzi 140 hivi. Ya mimea hayawaki mpaka yapite 300, na yanavuta maji kutoka kwenye karatasi hivyo kuiongezea umri. Ni ghali. Hata hivyo transfoma iliyo mita chache juu ya paa la mtu, penye kichochoro ambacho gari la zimamoto haliingii, haihesabiwi gharama kwa njia moja na ile ya kando ya shamba la miwa. Zile kavu, zisizo na mafuta, zenye vihami vya daraja F na H vinavyostahimili 155 na 180, ni za vyumba vya ndani vya majengo makubwa. Nguzo ya nje, mvua na vumbi, si mahali pake.

Yote haya yanangojea jambo moja ambalo halihitaji mkopo wa kimataifa: kujua joto halisi. Transfoma kubwa za vituo zina vipimajoto. Zile ndogo za mitaani nyingi hazina, na hizo ndizo zinazoumia. Kuna kipimajoto cha saa chenye mishale miwili: mmoja unafuata joto la mafuta, wa pili mwekundu unasukumwa mpaka kilele na kubaki hapo hadi mtu aurudishe. Hakihitaji umeme wala mtandao. Fundi anakisoma akiwa chini kwa darubini ndogo, anaandika namba, anaenda zake. Atakapopanda kwa kazi nyingine anaurudisha mshale.

Kwa hiyo ombi langu kwa Kenya Power na kwa Kaunti ya Kisumu ni hili: vipimajoto hivyo vifungwe kwenye transfoma zote za wadi za Nyalenda A na Nyalenda B kabla ya Januari, visomwe kila mwezi, na namba zibandikwe kwenye ofisi ya wadi ambapo wakazi wanaweza kuziona. Transfoma yoyote ambayo mshale wake mwekundu umepita nyuzi 95 isawazishwe fezi au ipunguziwe mzigo kabla ya mvua za Machi.